Pikipiki ya Mzee wa Mandello

Reli ya kutoka Lecco kwenda Sondrio imepasuliwa kwenye mwamba, na abiria huliona Ziwa Como kwa kuibia: handaki, kipande cha maji, handaki tena, mnara wa kanisa, giza. Nilikuwa nimetoka Milano asubuhi nikabadilisha treni Lecco, ambako alinipokea kaka mmoja wa Mombasa anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyaya za chuma. Nilimwomba anisindikize kwa sababu Kiitaliano chake ni kizuri kuliko changu, na kwa sababu hana huruma na mtu yeyote anayeuza kitu.

"Dada," aliniambia tulipokaribia Mandello del Lario, "wewe wataka pikipiki, ama wataka shida?"

Swali lake halikuwa la bure. Kwa pesa zilezile ningepata Honda au Yamaha ya miaka ya karibuni zaidi, ambayo spea zake ziko kila mahali na ambayo haihitaji kubembelezwa. Alikuwa ananitumia matangazo ya namna hiyo kwenye simu, asubuhi moja na jioni moja. Mimi nikashikilia langu: Moto Guzzi V7 ya mwaka 2013, mmiliki mmoja tangu mpya, inauzwa kwenye kitongoji kilichoko juu ya Mandello, yaani mjini palepale ilipoundwa.

Nieleze nilikotokea, maana anayejua pikipiki moja hajazijua zote. Nilikuwa bibi shamba Makete, nikihudumia wakulima wa viazi na pareto, na chombo changu kilikuwa Honda XL 125 ya kazini. Masika yakiingia, udongo wa kule hugeuka sabuni. Nilijifunza kusimama juu ya vikanyagio, kuiachia pikipiki icheze chini yangu bila kuikaza, na kutumia breki ya nyuma peke yake, kwa sababu ukigusa ya mbele kwenye utelezi gurudumu linajifunga na wewe unafika chini kabla ya pikipiki. Spidi ya 40 ilikuwa spidi ya mtu aliyeitwa msibani. Lami nilikutana nayo nikiwa abiria wa basi. Mlima wa Kitonga nimeupanda na kuushuka mara nyingi, lakini usukani ulikuwa wa mtu mwingine.

Italia nilikuja kusoma, nikabaki kwa kazi. Leseni ya huku nilianza nayo upya: mtihani wa nadharia una maswali 30 ya kweli au si kweli, unapewa dakika 20, na ukikosa zaidi ya 3 unarudi nyumbani. Halafu kuna uwanja wa koni, mwendo wa polepole, kukwepa kizuizi, kufunga breki pale ulipoambiwa. Kwenye koni sikuwa na tatizo. Mwalimu alichonilalamikia ni kwamba nilikuwa nainua makalio kila barabara ilipokuwa na kiraka. "Hapa hakuna tope, bibie," alisema, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Sasa, kwa nini Guzzi? Sitadanganya kwamba sura yake haikuhusika. Lakini sababu yenyewe ni kwamba injini ile haijifichi. Silinda zake mbili zimetokeza kushoto na kulia, mbele tu ya magoti, zimeachana kwa nyuzi 90. Zinapozwa na upepo, kwa hiyo hakuna rejeta wala maji ya kuvuja. Tapeti unazifikia kwa kufungua boliti chache, bila kushusha tenki. Na nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa propela shafti, si kwa cheni. Aliyewahi kuosha cheni ya pikipiki kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kila Jumamosi, msimu mzima wa mvua, hatahitaji maelezo zaidi.

Ukoo wa injini hizo ni mrefu. Mpangilio wa silinda kutokeza pembeni uliingia na V7 ya kwanza ya mwaka 1967, kazi ya mhandisi Giulio Cesare Carcano. Huyu ndiye aliyekuwa ameunda, mwaka 1955, pikipiki ya mashindano ya sentimita za ujazo 500 yenye silinda 8, chombo ambacho hata leo watu wa fani hukitaja huku wakitikisa kichwa. V7 za siku hizi, hata hivyo, hazikutoka moja kwa moja kwa Carcano. Injini yao ndogo inarudi kwa Lino Tonti, aliyeisanifu miaka ya 1970. Ile niliyokuwa naifuata ilikuwa na ujazo wa 744, nguvu za farasi kama 50, gia 5. Kwa waendeshaji wa huku hizo ni nguvu za kistaarabu. Kwangu zilikuwa mbingu nyingine.

Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1921 na Carlo Guzzi, fundi, pamoja na Giorgio Parodi, rubani, mtoto wa tajiri wa meli wa Genova ambaye fedha zake ndizo zilizofungua milango. Walikutana katika jeshi la anga la majini wakati wa Vita vya Kwanza. Walikuwa wawe watatu, ila mwenzao Giovanni Ravelli alikufa ndani ya ndege mwaka 1919, muda mfupi baada ya vita kuisha, na tai aliyeko kwenye tenki la kila Guzzi amewekwa kwa ajili yake. Tangu 2004 kampuni iko chini ya Piaggio. Nilipomwambia kaka hilo, uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Piaggio? Hao wa tuktuk?"

"Haohao."

"Basi sema mapema! Wanunua ndugu yake tuktuk za Kongowea."

Tulipita mbele ya lango jekundu la kiwanda, Via Parodi, dakika chache kutoka stesheni. Mimi nilisimama. Yeye hakusimama. Nyuma ya kuta zile, chini ya milima ya Grigne, kuna handaki la upepo lililojengwa mwaka 1950 kupima jinsi hewa inavyopita juu ya pikipiki na mpandaji wake. Nilitaka kulisemea hilo, lakini msikilizaji wangu alikuwa ameshafika kona ya pili na kupanda kilima.

Mzee alitungoja nje ya gereji yake. Alikuwa ametumia maisha yake kuchonga vyuma kwenye karakana za mji, na vidole vyake vilikuwa bado na weusi ule usiotoka kwa sabuni. Nyonga moja ilikuwa imefanyiwa upasuaji. Chombo cha kilo karibu 180 kabla hata hujatia mafuta, alisema, hukishiki kwa mguu mmoja.

Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa kwenye vilivyotumika. Magari yetu yalizeekea Japani, mashati yetu yalivaliwa na watu tusiowajua, na hakuna anayeamini tangazo linalosema "haina tatizo hata moja". Ya Kiitaliano ni maneno tofauti lakini hadithi ni ileile: mmiliki mmoja, imelala ndani siku zote, haijawahi kuanguka. Mimi husoma tangazo ili nijue nianzie wapi kukagua. Na ninachokagua, kusema kweli, ni mtu. Jinsi alivyoshika breki, alivyochelewa kubadilisha oili, alivyoegesha, alivyoanguka akanyamaza, vyote vimebaki ndani ya vyuma, na nikishalipa vinakuwa vyangu.

Kabla ya salamu kwisha nilikuwa nimeweka kiganja juu ya silinda ya kushoto. Baridi. Hiyo ni dalili njema. Muuzaji mwenye siri huwasha injini kabla hujafika, kwa kuwa injini ya moto huwaka kwa urahisi na kuficha kelele. Injini baridi haifichi kitu. Mzee aliniona nikifanya hivyo. Hakusema neno, ila alimtazama kaka, kisha akanitazama mimi, na kuanzia hapo mazungumzo yote aliyaelekeza kwangu.

Nilianzia kwenye ncha. Pikipiki ikianguka, vinavyogusa chini kwanza ni ncha za mikono ya breki na klachi, ncha za vikanyagio, na kwa Guzzi, vifuniko vya vichwa vya silinda, maana ndivyo vilivyotokeza. Vilikuwa safi, isipokuwa mkwaruzo mdogo upande wa kulia. Niliuonyesha kwa kidole. Mzee akacheka: ukuta wa gereji hii hapa, akagonga ukuta, na kweli pale kwenye plasta palikuwa na alama kwa kimo kilekile. Nikapitisha kidole kwenye mabomba ya shokapu za mbele. Kikavu, sili zinafanya kazi. Nikamulika tochi ndani ya tenki, hakuna kutu. Nikachutama nyuma kuangalia difu, pale shafti inapokabidhi nguvu kwa gurudumu. Hakuna oili iliyotoka. Nikalinganisha namba ya chesisi na ya kitabu, tarakimu moja moja, kwa sauti, huku kaka akizifuata.

Matairi ndiyo yalinifurahisha zaidi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya kibonyeo: mbili za wiki, mbili za mwaka. La nyuma lilisomeka 1416, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2016. Kashata zake zilikuwa bado na kina, na mtu asiyejua angesema tairi ni zima, lakini mpira uliokaa miaka mingi hivyo unakuwa mgumu, na ugumu huo utaujulia kwenye kona yenye unyevu. Kuna jambo jingine lililoandikwa kwenye tairi lile. Lilikuwa limelika sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Wengi hula katikati tu, kwa kwenda moja kwa moja. Huyu mzee alikuwa anailaza. Na pedi za breki ya mbele zilikuwa mpya, wakati za nyuma zilikuwa zilezile za kiwandani.

Kisha akaleta daftari. Daftari la shule, la mistari, limeandikwa kwa penseli: tarehe, kilomita, aina ya oili, kipimo cha tapeti kabla na baada, lita za petroli kila alipojaza. Kilomita 23,000 na ushei, zote zimo. Ukurasa mmoja ulikuwa na doa la kahawa na neno la kuomba radhi pembeni, sijui alikuwa anamwomba nani. Hapo mimi nilikuwa nimeshanunua. Kaka alijua, akanikanyaga mguu ili uso wangu usitoe siri.

Bei ilikuwa euro 4,900. Kaka alianza kazi yake: matairi yamekufa, dada huyu ni mgeni, msimu unaisha, huko Lecco kuna nyingine ya 4,200. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akainua simu, akampigia fundi wa matairi mjini, akauliza bei ya jozi pamoja na kuyafunga, akaandika 260 pembeni mwa daftari, akatoa. 4,640. Akageuza daftari ili tuone hesabu.

Kaka alijaribu 4,500. Mzee akaonyesha tena ile hesabu kwa penseli. Hakukasirika, hakukaza sauti. Kwake jambo lilikuwa limekwisha kwa kuwa kutoa kumekwisha.

"Hii si biashara," kaka aliniambia kwa Kiswahili, amechukia kweli. "Hata chai hajatutilia kwenye bei."

Chai tulipata, lakini ndani, pamoja na jibini ya Taleggio.

Karatasi nazo zina safari yake. Kwa euro chache unaweza kuomba taarifa ya chombo chochote kutoka rejista ya umma ya magari, kwa namba yake tu, na taarifa hiyo itakuambia kama kinadaiwa, kama kimezuiwa kwa faini zisizolipwa, kama jina la mmiliki ni la yule uliyekaa naye mezani. Niliiomba kabla hata ya kupanda treni. Siku ya kuandikisha, muuzaji husaini mbele ya afisa, na saini hiyo inabandikiwa stempu ya euro 16. Namba ya usajili inabaki na chombo. Mnunuzi ana siku 60 kuhakikisha jina limebadilika, na wauzaji wengi hawakubali kutoa ufunguo kabla ya hapo, maana faini zikija zitamtafuta aliyeko kwenye rejista. Kwetu gari linaweza kupita mikono mitano huku kadi ikiwa bado ina jina la mtu aliyehamia Mwanza, na kila mtu analala usingizi. Nililipa kwa hundi ya benki. Mzee aliipigia simu benki kuithibitisha, akiniomba radhi kwa macho. Pikipiki husamehewa ile kodi ya mkoa ya uandikishaji ambayo magari hulipa, na hilo lilinituliza hadi nilipofika kwenye bima. Mgeni asiye na historia huanzia daraja la 14, na madaraja yanashuka kwa mwaka usio na ajali, moja moja. Sitataja nilicholipa. Wazazi wangu wanasoma gazeti.

Nilipokuja kuichukua, tayari ina matairi mapya, mzee alinikalisha juu ya kiti kabla ya kunipa ufunguo, akanionya kuhusu mambo mawili. Tairi jipya linateleza; kilomita 100 za kwanza uziendeshe kwa adabu. Na ukivuta mafuta ukiwa umesimama, pikipiki itakusukuma kulia. Nikavuta. Ikanisukuma kulia. Kranki ya injini hii imelala kwa urefu wa pikipiki, si kwa upana, kwa hiyo ikiongeza kasi ghafla mwili mzima wa chombo unataka kuzunguka upande wa pili. Mara ya kwanza unashtuka. Baadaye unajikuta unavuta mafuta kwenye taa nyekundu bila sababu, ili tu ikusalimie.

Nilichukua barabara ya zamani ya kando ya ziwa, SP72, kuelekea kaskazini: Lierna, Varenna, Bellano. Maji kushoto, ukuta wa mawe kulia, na katikati pembamba pa kugawana na mabasi, waendesha baiskeli wa Jumapili, na watalii wa Varenna ambao hutembea barabarani wakitazama simu. Spidi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mwili wangu. Kwenye tope, mwili hubaki wima na pikipiki ndiyo inayoegemea. Kwenye lami, mwili huenda nayo. Kwenye tope unakata kona kwa kugeuza usukani; kwenye lami, ukiwa na mwendo, unausukuma mkono wa kulia ili uende kulia, jambo ambalo akili inalikataa hadi mikono ilifanye yenyewe. Na breki: pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wote hukimbilia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu ya kukushika. Nililijua hilo. Nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani. Mguu wangu wa kulia haukuwa umefanya mtihani.

Bellano nikaliacha ziwa, nikapanda kwenda Valsassina. Hapo barabara inajikunja na kurudi ilikotoka, tena na tena, na kila kona inakuonyesha kwa chini kipande ulichopita. Kitonga niliyoifahamu kwa dirisha la basi sasa ilikuwa mikononi mwangu, ingawa ndogo, na nyembamba, na bila malori yaliyoharibika. Nilizikata kona zile polepole kiasi kwamba mwendesha baiskeli mmoja, mzee pia, alinipita na kunipungia mkono. Hewa ilipoa. Joto la silinda likaanza kunifikia magotini, na nikaelewa kwa nini wenye Guzzi hawalalamiki Novemba. Tangu Taceno hadi Introbio, bonde linapofunguka na ng'ombe wanaonekana, nilikuwa nimeacha kuhesabu gia.

Kaka wa Mombasa aliiona jioni hiyo, nje ya nyumba yake Lecco. Aliizunguka, akapiga teke dogo tairi la mbele, akauliza inakula kiasi gani. Nilipomwambia tenki ni la lita 22 akapiga mluzi, na sikujua ni wa kusifu au wa kunihurumia.

Ulipofika wakati wa kusawazisha tapeti, nilimpigia mzee simu. Nilidhani atanitajia fundi. Alisema nije, nije na nguo za kuchafua. Nikafungua vifuniko mwenyewe, nikazungusha injini kwa mkono hadi pistoni ikafika juu, nikaingiza fila geji kati ya skrubu ya tapeti na vali, yeye akiwa amekaa kwenye kigoda na nyonga yake, akisema tu "kidogo", "kidogo tena", "acha". Akaandika kipimo kwenye daftari, ambalo nilikuwa nimerudi nalo bila kuambiwa.

Tulipomaliza alisimama kwa shida, akaizunguka pikipiki. Akapitisha kiganja juu ya tairi la nyuma, kutoka katikati kwenda ukingoni. Katikati palikuwa pamelika. Pembeni, kwa upana wa vidole viwili kila upande, mpira ulikuwa bado unang'aa wa dukani. Akachutama, akamulika tochi pedi za breki ya nyuma, kisha za mbele. Alichukua muda wake.

"Bado uko kwenye tope," alisema.

Akaingia ndani kuchukua koti. Alirudi na funguo za gari la mke wake, akaniambia nitangulie kuelekea Ballabio, yeye atakuwa nyuma yangu, na kila atakapoona taa yangu ya breki inawaka katikati ya kona atapiga honi. Tuliondoka. Kona ya kwanza, akapiga honi.